Barua ya wazi: Mheshimiwa, tuzimie spika kwa saa moja tu

Mheshimiwa Afisa,

Shikamoo. Ofisi yako siitaji. Unajijua, na waliokuwapo Jumamosi kwenye maonyesho yale ya sayansi kando ya Ziwa Victoria wanakujua pia.

Mimi nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Siku ile meza nilimwachia jirani, kwa sababu mwanangu wa miaka 11 alikuwa ameihesabu kwenye kalenda mwezi mzima. Ana usonji. Maneno yake machache, ila kwa samaki humuwezi. Anajua sangara aliletwa ziwani humu miaka ya 1950, na kwamba furu, wale samaki wadogo wa asili ya humu, wengi walitoweka baada ya hapo.

Bandani tulikaa dakika nne. Spika mbili kama makabati, mshereheshaji anashindana na muziki, jenereta inaunguruma nyuma ya turubai. Masikio ya mwanangu hayachuji sauti kama yako na yangu. Zote zinamwingia kwa mkupuo. Akaziba masikio, akajing'ata mkono, akalala chini. Kijana wenu mwenye fulana ya maonyesho akaniambia, "Mama, mfundishe mtoto adabu." Sikumjibu. Nilikuwa nambeba mtoto wa darasa la tano mgongoni.

Nje tukamkuta binti, kiti mwendo chake kimezama mchangani mbele ya ngazi tatu. Alitaka kuona hadubini. Mama yake alikuwa anachungulia ndani, anarudi kumsimulia. Sayansi ya kusimuliwa mlangoni, Mheshimiwa!

Mwaka jana ulisimama jukwaani ukasema patakuwa na kona ya utulivu na njia ya mbao. Tulikupigia makofi, mimi nikiwemo. Ahadi ni deni, na hili sasa linazaa riba. Pengine mdhamini wa soda ndiye anayetaka kelele. Pengine fungu liliishia kwenye posho. Nakisia tu, maana barua zangu mbili hazijajibiwa, ingawa zote zina muhuri wenu wa kupokelewa. Muhuri mzuri kweli, wino haujakolea wala kufifia.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ni ya mwaka 2010. Mwanangu amezaliwa akaikuta.

Njia ya mbao mama mwenzangu ataidai, nami nitakuwa nyuma yake. Hata kona ya utulivu leo naiweka pembeni. Naomba spika zizimwe. Asubuhi moja, kwa saa moja, kabla umati haujajaa. Kuzima spika hakuhitaji kikao wala bajeti, kunahitaji kidole. Saa moja tu, Mheshimiwa.

Usiku ule hakulala. Aliniuliza mara tisa, "Furu?" Tangi la furu lilikuwa mwisho wa banda, hatukulifikia.

Nimeambiwa maonyesho yanafungwa Ijumaa. Alhamisi saa mbili asubuhi nitakuwa naye mlangoni.

Wako,
Mama wa dagaa, Mwaloni