Geji ya gesi ikishuka usiku, usikimbilie spana

"Mmenifungia mtungi unaovuja." Kauli hii tunaipokea kila mara, na safari hii imetoka kwa mteja mwenye gari dogo la cc 1000 ambalo tulilifungia mfumo wa gesi asilia mwezi uliopita. Jioni alijaza mpaka geji ikasoma bar 200 (bar ni kipimo cha mgandamizo). Asubuhi, kabla hata ya kuwasha gari, ikasoma 175. Akaamini ameibiwa, kama si na kituo basi na sisi.

Hakuibiwa. Gesi ikishindiliwa haraka hupata moto, na gesi yenye moto huipandisha geji. Gari likilala, mtungi ukapoa, geji hushuka, lakini kilo zilizoingia ni zilezile. Kwa hiyo siku ya kujaza tazama kilo, usitazame bar. Uvujaji wa kweli hautulii: geji itashuka leo, kesho na keshokutwa, na pua itakwambia, maana gesi hii hutiwa harufu makusudi.

Kilichotuuma ni alichokifanya kabla ya kuja kwetu. Alifungua buti, akachukua spana, akaikaza nati kwenye valvu ya mtungi mpaka ikagoma kabisa. Ndani ya nati ile kuna pete ndogo ya chuma inayoushika mrija. Ikikazwa kupita kiasi, inauminya mrija na haizibi tena. Tulipopaka povu la sabuni, mapovu madogo yakaanza kujipanga pembezoni mwa nati, moja baada ya jingine. Usiku hapakuwa na uvujaji. Asubuhi aliutengeneza mwenyewe. Tukafunga valvu, tukang'oa mrija wote kutoka buti hadi kwenye injini, tukaweka mpya na kupima upya. Gharama aliilalamikia, lakini mrija wa bar 200 hauungwi viraka.

Kuhusu bei kwa jumla, tunaambiwa kuna mafundi wanaofunga kwa nusu ya bei yetu. Tunaomba uuangalie mtungi wao begani: umegongwa mwaka wa kutengenezwa, mgandamizo wake na tarehe ya mwisho wa matumizi? Tuliwahi kuletewa gari lililofungwa mtungi wa gesi ya kupikia. Gesi ile hukaa kwenye mgandamizo usiofika hata bar 20, na hapo mtu alitaka kuutia 200! Tulikataa kufanya kazi yoyote kwenye gari lile mpaka mtungi utolewe.

Njia nyingine ya mkato ni kukausha tangi la petroli. Gari huwaka kwa petroli, na injini ikishapata moto ndipo huhamia kwenye gesi, kwa sababu maji ya moto ya injini ndiyo yanayozuia kipunguza mgandamizo kisigande kwa baridi. Pampu ya petroli iko ndani ya tangi na hupozwa na petroli yenyewe. Dereva mmoja wa abiria alitembea miezi na taa ya petroli ikiwaka, akijua anabana matumizi, mpaka pampu ikaungua. Acha walau robo tangi, na plagi zibadilishwe kwa wakati, maana gesi inahitaji cheche kali kuliko petroli.

Tunayasema haya kwa sababu gari dogo na gesi vinapatana kweli. Kilo moja ya gesi ina nguvu inayokaribia lita moja na nusu ya petroli. Mtungi wa lita 60 hubeba kama kilo 10, na kwa injini ndogo hiyo ni safari ndefu. Oili hubaki safi kwa muda mrefu zaidi, hewa ya ukaa hupungua kwa karibu robo, na gesi ikivuja mahali pa wazi hupanda juu kwa kuwa ni nyepesi kuliko hewa. Ni kweli buti litapungua, na mlimani utahisi gari limelegea kidogo. Hilo tunalisema kabla ya kupokea pesa.

Geji ikishuka tena, andika namba, liache gari lipoe, usome asubuhi mbili mfululizo kabla ya kulitembeza. Ikiendelea kushuka, au ukisikia harufu, funga valvu ya mtungi na utupigie. Kupima kwa povu hatutozi.