Kengele ya Kengeleni si ya kila sherehe

Bwana Mhariri,

Msomaji wenu mmoja alipendekeza juzi kwamba kengele zote za makanisa hapa Mombasa ziwe zinapigwa kila sikukuu ya taifa, kila maadhimisho ya kaunti na kila anapotua mgeni mkubwa. Akaongeza kwamba ile ya zamani pale Kengeleni ndiyo itangulie, nyingine zifuate. Nia yake ni njema na mengi aliyoyasema nayaunga mkono. Kwa kengele hiyo moja tu, sikubaliani naye hata kidogo.

Mimi ni mkazi wa Kisauni, tena Muislamu, na najua atatokea wa kuniuliza kengele ya kanisa inanihusu nini. Inanihusu. Makanga wanaiita kutwa kucha, abiria wanashuka chini yake na mifuko ya sokoni Kongowea, na katika mia sijui kama wawili huinua macho kuitazama. Watoto wetu wanajua ni steji. Basi kabla hatujaanza kuipiga, turudi kidogo nyuma.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, huku Waingereza wakimtishia kuizingira Unguja kwa manowari, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga masoko yao. Soko la Mkunazini likafungwa, na Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa hapo jiwe la msingi la kanisa kuu la Waanglikana. Majahazi lakini hayakukoma. Manowari ziliendelea kuyakamata, na waliokutwa ndani yake walihitaji pa kuishi. Ndiyo sababu mwaka 1875 wamisionari wa Church Missionary Society, chama cha Waanglikana wa Uingereza, wakiongozwa na William Salter Price, walianzisha makazi huku bara, ng'ambo ya kisiwa, wakayaita Frere Town kwa heshima ya Sir Bartle Frere, aliyekuwa ametumwa na Uingereza kujadiliana na Sultani. Waliungana na Waafrika wa Bombay, yaani wale waliokuwa wamekombolewa baharini wakiwa wadogo, wakapelekwa India, wakasomeshwa ufundi na dini, kisha wakarejea pwani hii wakiwa watu wazima.

Kengele ile ya Kengeleni iliwekwa hapo Frere Town kuwatahadharisha watu hao. Likionekana jahazi la watumwa, inapigwa, watu wanajua la kufanya. Mbiu ya hatari, wala haikuwa ya shangwe.

Na hofu yenyewe haikuwa ya bure. Mwaka 1880 wenye watumwa wa Mombasa, wakiona misheni inawapokea watoro wao, walitishia kuivamia Frere Town. Utumwa kisheria haukufutwa katika ukanda wetu huu mpaka mwaka 1907, miaka zaidi ya thelathini baada ya makazi kuanzishwa. Fikiria maana yake: mtu aliyelala ndani ya mlio wa kengele ni huru, na nduguye aliyeko upande wa pili wa maji ana mwenyewe, tena anaweza kudaiwa kama ng'ombe aliyepotea.

Sisemi haya ili kuipamba misheni. Ndani ya Frere Town kwenyewe mambo hayakuwa yote sawa, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 msimamizi mmoja alilaumiwa vikali kwa kuwachapa viboko watu walewale waliokombolewa. Na upande wetu nako, wengi wa waliomiliki watumwa mjini na kwenye mashamba ya pwani walikuwa wa dini yangu. Vitukuu vyao nasimama nao safu moja msikitini, na huenda nami ni mmojawapo. Kengele ile inatutazama sote, na hakuna upande unaoweza kuidai kuwa ni ya kujisifia.

Sasa kengele yenye historia kama hiyo ndiyo tuitoe kwa ajili ya mtu anayekata utepe wa barabara?

Msomaji wenu alitoa mfano wa Uingereza, kwamba huko kengele hupigwa kwa kila jambo la furaha. Ni kweli wanazipiga sana, na wana ufundi wao wa kuzizungusha kwa kamba mtu mmoja kengele moja, zikipokezana kwa mpangilio unaobadilika, hata ikafika saa tatu bila kupumzika. Lakini mfano wa Uingereza unaonifaa mimi ni mwingine. Juni 1940, Wajerumani wakiwa wameifikia pwani ya Ufaransa, serikali iliamuru kengele zote za makanisa zinyamaze, zisilie ila adui akitua. Watu wakakaa na kimya hicho miaka miwili na zaidi. Tarehe 15 Novemba 1942 ziliruhusiwa kupigwa kwa ushindi wa Waingereza na wenzao kule El Alamein, Misri. Siku ile hakuna aliyeuliza kengele zinalia nini. Kama zingekuwa zimepigwa kila wiki kwa kila waziri aliyezuru kijiji, nani angetoka nje kusikiliza?

Mfano wa pili uko Philadelphia, Marekani, na huu naomba waandaaji wa sherehe wausome mara mbili. Kengele yao maarufu ilipewa jina la Kengele ya Uhuru na watu waliokuwa wakipigania kukomeshwa kwa utumwa, katika miaka ya 1830. Ilikwisha kuwa na ufa. Mafundi wakautengeneza, ikaonekana inaweza kulia tena, na Februari 1846 wakaipiga kuadhimisha siku ya kuzaliwa ya George Washington. Ufa ukapanda juu, sauti ikafa, na mpaka leo ni ya kutazamwa tu. Wahenga wetu walikwisha kusema ngoma ikilia sana hupasuka, na hawakuwa wameiona ya Philadelphia. Kengele ni shaba iliyochanganywa na bati, ngumu lakini si ya kugongwa ovyo. Akija kijana na nyundo kuigonga kwa nje kwa sababu kamba haipo, anaweza kuimaliza asubuhi moja.

Kwa sherehe za furaha mbona njia ipo. Tarehe 27 Julai 2012, siku ya kufunguliwa Michezo ya Olimpiki mjini London, watu nchi nzima waliombwa wapige kengele yoyote waliyo nayo kwa dakika tatu, kuanzia saa 2 na dakika 12 asubuhi. Zikalia za makanisa, za milangoni, za baiskeli. Hata Big Ben ikapigwa nje ya ratiba yake, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mazishi ya Mfalme George VI mwaka 1952. Hilo tunaliweza kabisa siku ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba. Kengele za makanisa zipo, za shule zipo, za baiskeli ndizo hizo, na kule vijijini kuna ringi za lori zilizotundikwa miembeni ambazo zimewaingiza watoto darasani tangu enzi za baba zetu. Zipigwe zote, na watoto wafurahi. Ya Kengeleni iache kando siku hiyo.

Mimi ningeipa siku moja tu katika mwaka, nayo ni 5 Juni. Wako watakaopendelea 23 Agosti, siku ya kimataifa iliyowekwa na UNESCO kukumbuka biashara ya utumwa na kukomeshwa kwake. Ni siku ya heshima, ila imechaguliwa kwa ajili ya maasi ya watumwa wa Saint-Domingue, Haiti ya leo, mwaka 1791. Mkataba wa Juni ndio uliozaa Frere Town. Na kama kuna atakayesema 5 Juni imeikaribia mno Madaraka Dei, nitamjibu kwamba ni vizuri: tukishamaliza kushangilia tarehe mosi kujitawala kwetu, tunabaki na siku nne za kufikiri ni nani walichelewa kujitawala hata nafsi zao.

Ipigwe saa nne asubuhi. Adhuhuri isiguswe, maana pale misikiti iko karibu na hakuna haja ya kengele na adhana kugombea hewa moja. Ipigwe polepole, kama ya msiba, na wenye kuipiga wawe ni wajukuu na vitukuu vya waliokombolewa, ambao bado wako hapa Kisauni na wengi wanawajua kwa majina. Idadi ya mapigo waamue wao pamoja na wazee wa kanisa. Askari wa trafiki wasimamishe magari kwa dakika hizo chache, la sivyo tutasikia honi za matatu peke yake.

Kabla ya yote hayo, wataalamu wa Makumbusho ya Taifa waje na fundi anayejua kengele. Aangalie ulimi wake, aangalie mahali ilipoangikwa, atafute ufa, aseme kama inafaa kupigwa au haifai. Akisema haifai, basi isipigwe. Watu wasimame pale chini dakika zilezile, wasomewe majina ya waliokombolewa yaliyobaki katika vitabu vya kanisa. Gharama yake ni ndogo kuliko ya mahema na viti vya mkutano mmoja wa hadhara.

Na hotuba za wanasiasa zisiwepo. Wana siku nyingine 364.

Msomaji wenu,
Kisauni, Mombasa