Swali Lako Kuhusu Afrika na Ulaya

Swahibu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako niliipata salama, na nimekawia kuijibu kwa sababu swali uliloniuliza, kama kweli Afrika na Ulaya zinaweza kuwa wabia sawa katika siasa na maendeleo, halikustahili jibu la harakaharaka. Wewe waona neno "usawa" ni pambo la hotuba tu. Nakuunga mkono kwa sehemu kubwa, ila lawama zote umezitupa ng'ambo ya bahari, na hapo ndipo tunapoachana.

Desemba 2007 wakuu wa mabara haya mawili walikutana Lisbon wakapitisha Mkakati wa Pamoja, uliotamka kwamba uhusiano wa mfadhili na mfadhiliwa uachwe nyuma. Maneno yalikuwa mazuri, wala sidhani kwamba yaliandikwa kwa hila. Hata hivyo, katika mkutano huohuo Rais Abdoulaye Wade wa Senegali aliikataa katakata mikataba ya ubia wa kiuchumi ambayo Tume ya Ulaya ilitaka ikamilishwe kabla ya mwaka kwisha, akihofia kwamba kuzifungulia milango bidhaa za Ulaya kungeviua viwanda vyetu vichanga. Ulaya nayo ilikuwa na hoja yake ya kisheria, kwa kuwa msamaha wa Shirika la Biashara Duniani uliokuwa ukilinda unafuu wa zamani wa ushuru kwa bidhaa zetu ulikuwa unafikia ukomo, lakini ni vigumu kumwita mwenzako mbia huku unamwonyesha kalenda.

Yaliyotukuta Afrika Mashariki unayajua, ila nayarudia kwa kuwa ndiyo yaliyonifunza zaidi. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zimo katika orodha ya nchi zenye maendeleo duni, na tangu mwaka 2001 bidhaa zake zote, isipokuwa silaha, zinaruhusiwa kuingia Ulaya bila ushuru, mkataba uwepo usiwepo. Kenya haimo katika orodha hiyo. Mazungumzo ya mkataba huo wa ubia kati ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Ulaya yalipochelewa, kuanzia Oktoba 2014 maua ya Kenya yakaanza kutozwa ushuru kwenye soko la Ulaya, na ua, kama ujuavyo, halisubiri wanasiasa wapatane. Likishakatwa lina siku chache tu za kuuzika. Septemba 2016 Kenya na Rwanda zikatia saini, Tanzania ikakataa kwa ajili ya kulinda viwanda vyake, na hatimaye Kenya ikaingia mkataba wake peke yake Desemba 2023, ukaanza kutumika Julai 1, 2024. Kwa hesabu za nyumbani kwake kila nchi ilikuwa na haki. Kwa hesabu za Jumuiya, tulikuwa na forodha moja na misimamo miwili.

Sasa tazama upande wa pili wa meza. Nchi 27 za Umoja wa Ulaya, ambazo hugombana kwa mambo chungu nzima, zikifika kwenye biashara humwachia msemaji mmoja, yaani Tume, na wetu wanaofika mbele yake ni makundi, magharibi peke yake, kusini peke yake, mashariki nusunusu. Ndiyo maana naliona Eneo Huru la Biashara la Bara la Afrika, lililotiwa saini Kigali mwaka 2018, kuwa na uzito kuliko lile fungu la uwekezaji la euro bilioni 150 lililotangazwa Brussels mwaka 2022, ambalo kwa sehemu kubwa hutegemea mikopo na wawekezaji watakaovutiwa.

Kuna na suala la mfuko, nalo nitalisema bila kuficha. Mwaka 2016 wakuu wetu walikubaliana kutoza asilimia 0.2 ya thamani ya bidhaa zinazoagizwa kutoka nje ya bara ili Umoja wa Afrika ujitegemee. Baadhi ya nchi zinatoza, nyingine zimenyamaza, na sehemu kubwa ya programu za Umoja bado hulipiwa na wafadhili. Mtu akikulipia tiketi, hoteli na hata karatasi za kikao, utamkatalia ajenda yake kwa uso gani?

Usidhani nimewasamehe wenzetu. Mwaka juzi nilialikwa kwenye kikao huko Ulaya, tena mada yenyewe ilikuwa ubia wa mabara yetu. Nilipeleka taarifa za benki za miezi kadhaa, barua ya mwajiri, uthibitisho kwamba nina familia ya kunirudisha, na alama za vidole vyote kumi. Viza ilitoka siku mbili baada ya kikao kufunguliwa, nami nikautoa mchango wangu kwa video, kamera ikigandaganda, mbele ya ukumbi ambao sikuuona ila kipande cha dari. Mwenzangu wa kutoka kule alipokuja kwetu mwezi uliofuata, viza yake aliiombea kwenye simu.

Niandikie unavyoona juu ya jambo moja ninalolipima bado: je, nchi kama Kenya, ambayo tayari imeshafunga mkataba wake, itakuwa radhi kuuweka mezani upya siku bara zima litakapoamua kuzungumza kwa sauti moja? Na Tanzania, ambayo haina cha kupoteza kwa sasa, itakuwa na haraka gani?

Wasalaam,
Nduguyo