Mafundi, acheni kuziba kila tundu la foglaiti

Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako niongee na mafundi wetu wa magari hapa Nakuru na pia na wenye magari ya ofrodi, yale ya kupita njia mbovu, manake hii shida ya taa za ukungu, yaani foglaiti, kuingia maji naiona kila siku na inatengenezwa vibaya kila siku. Sisi tunaopanda Salgaa, Sachangwan, Mau Summit mpaka Timboroa tunajua ukungu wa huko juu, Timboroa imepita mita 2,700 na ukungu ukishuka haujali kama ni asubuhi ama usiku, barabara inapotea tu, na trela ziko mbele yako na nyuma yako. Ukiwasha fuli, zile taa kubwa za mbali, ndio unaharibu kabisa, ule mwanga unagonga matone ya maji hewani unakurudia machoni. Hapo ndio unahitaji foglaiti, kwa sababu iko chini kwa bampa na inamwaga mwanga mpana ukingoni mwa barabara bila kupanda juu. Sasa angalia Prado na Land Cruiser na hizi Land Rover za zamani ukiwa kwa foleni hapa mjini, utaona ngapi zina maji yanacheza ndani ya foglaiti, ama ya upande mmoja imekufa kabisa.

Mwenye gari anaenda kwa fundi, fundi anachukua silikoni anapaka taa yote, mbele nyuma na kando, hata lile tundu dogo la nyuma analiziba, halafu anasema hapo hakuna maji yataingia tena. Mvua ikinyesha wiki mbili tatu, maji yamerudi. Si eti fundi ni mwizi, ni vile hajaelezwa lile tundu ni la nini.

Balbu ya halojeni ya wati 55 inashika moto sana, hewa iliyo ndani ya taa inatanuka na kutoka nje. Halafu unaingia kwa maji, sema umeshuka Ahero wakati mto Nyando umefurika ama umevuka kijito huko Kuresoi, maji baridi yanapiga taa ikiwa bado moto na ile hewa ndani inajikunja kwa ghafla, na ikijikunja taa inavuta. Lazima ivute kitu. Tundu la kupumulia likiwa wazi na limeinuliwa juu ya maji itavuta hewa, likiwa limezibwa itavuta maji kupitia mahali popote palipolegea, kwa sili ya kioo, ile inayoziba kioo na taa, ama kando ya waya, na yakishaingia hayana pa kutokea. Kwa hivyo yule aliyeziba kila mahali ndiye amefunga maji ndani. Na msichanganye hiyo na kioo kutoa jasho kidogo asubuhi halafu kinakauka ukiwasha taa, hilo halina shida.

Kitu kingine ni aina ya silikoni. Ile ya bei rahisi inayonuka siki inatoa asidi ikikauka, na asidi inakula shaba. Nilifungua foglaiti ya kushoto ya gari langu baada ya fundi mmoja kuipaka hiyo, pini za plagi zilikuwa zimegeuka kijani, na nilipovuta waya polepole ulikatika ukabaki mkononi, ndani ya mpira umekuwa unga. Tafuteni silikoni isiyo na asidi, ile haina harufu ya siki, ama mkanda wa butili.

Na kutengeneza taa yenyewe si kazi ngumu, ni uvumilivu. Toa taa kwa gari, toa balbu bila kushika kioo chake na vidole, juu mafuta ya mkono yanafanya balbu iungue mapema. Mwaga maji, suuza matope na maji safi ya betri (si asidi) ambayo hayaachi madoa, na usisugue rifleta, ile sehemu ya ndani inayorudisha mwanga, hata na kitambaa laini, ule mng'aro ni alumini nyembamba sana na ikitoka taa haina maana tena. Kausha na jua ama na blodraya kwa moto mdogo. Sili ya zamani ikwangue yote mpaka iishe, usipake mpya juu ya kuukuu, pangusa na spiriti, paka, funga, na uiache siku nzima kabla haijaguswa na maji. Halafu ipime, hapa ndio mafundi wengi wanaruka: ichovye kwa ndoo ya maji vuguvugu huku umeziba lile tundu na kidole, hewa ndani itapata joto na kutafuta njia, mahali povu linatokea ndipo panavuja. Ukimaliza toa kidole lakini taa ikiwa tayari nje ya maji.

Tundu lenyewe liwekee mpira mwembamba, ule wa maji ya waipa unatosha, uupandishe mpaka juu ndani ya boneti na mdomo wake uangalie chini. Watu wa ofrodi wanapandisha brida, yaani matundu ya kupumulia, za difu na giaboksi hivyo hivyo miaka yote, sijui kwa nini taa inasahaulika.

Kwa waya sitaongea sana. Taa mbili za wati 55 ni wati 110, kwa betri ya volti 12 hiyo ni ampea 9 na kidogo, kwa hivyo weka rilei, ile swichi ya umeme inayobeba moto mwingi, na fyuzi ya ampea 15 karibu na betri, usipitishe moto wote kwa swichi ndogo ya dashibodi. Maungio yafunikwe na ule mpira unaojikunja ukipashwa moto, wenye gundi ndani, teipu ya kawaida inaachia ikiona matope ya Mau Narok mara moja.

Wale wamehamia LED wakaona wameponea, mjue alama ya IP67 inamaanisha taa imezamishwa mita moja kwa dakika 30 na haikuingia maji, haisemi chochote kuhusu ile mashini ya presha ya kaowoshi inayoelekezwa moja kwa moja kwa sili. Tena LED haipashi kioo joto kama halojeni, unyevu ukiingia unakaa.

Na wenye magari, tafadhali, foglaiti ielekee chini na izimwe ukungu ukiisha. Usiku bila ukungu unamulika dereva wa matatu anayekuja kwa ile miteremko ya Sachangwan, na huyo amebeba watu.

Wauzaji wa spea nao watuletee sili za mpira na brida kivyake. Saa hii mtu anaambiwa anunue taa nzima kwa sababu ya kampira kadogo tu, na ndio maana silikoni ya siki inaendelea kununuliwa.

Msomaji wenu,
Lanet, Nakuru