Risala ya Kamati ya Wazazi kwa Bwana Inspekta, shule ya msingi, Katuba, Lubumbashi

Mheshimiwa Bwana Inspekta, mgeni wetu rasmi, Mama Direkta, walimu wetu, wazazi wenzetu, nanyi watoto mliosimama juani tangu saa mbili:

Karibu Katuba. Nyimbo umezisikia, na madarasa yamefagiliwa jana, hatufichi. Ila tulilokuitia ni daftari hili lililo mezani.

Zamani kamati yetu, COPA, ilijulikana kwa jambo moja: kuwadai wazazi prime ya walimu, yaani pesa za kuwaongezea mshahara. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kilishasema elimu ya msingi ni bure, lakini bure yenyewe tuliiona Septemba 2019. Kazi ya kukusanya makuta ikafa, madarasa yakafurika. Tukaulizana: sasa kamati ya nini?

Tukaamua kuangalia shule inavyokwenda. Kila Ijumaa wazazi wawili huandika mambo matatu: mwalimu ameingia saa ngapi, watoto wangapi wapo, wangapi hawana daftari. Mwanzoni walimu walituona wapelelezi, na sababu tuliwapa wenyewe: mwenzetu mmoja alimkosoa mwalimu mbele ya watoto. Tuliomba radhi. Tangu hapo, kilichoandikwa husomwa kwanza na mwalimu mwenyewe, ndipo kifike COGES, baraza la uongozi wa shule, ambako Mama Direkta anaongoza na walimu wana mjumbe wao.

Tulidhani walimu wanakosa kwa uvivu. Kumbe siku nyingi walizokosa ni za mshahara, wako kwenye foleni ya benki. Darasa la tatu nalo, miezi ya kiangazi, nusu ya watoto wanachelewa kwa sababu wanaanza na bidoni za maji. Hapo ungemwadhibu nani?

Nasi tulijipima. Vikao viwili vya kamati vilivunjika kwa kukosa watu. Imeandikwa, ukurasa wa mwisho.

Maombi yetu si mengi. Utusaidie kubisha hodi kwa wahusika tupate pampu ya maji hapa uwanjani. Ukija kukagua, uanzie darasani kabla ya ofisini. Na ripoti yako, ambayo huandikwa Kifaransa ikalala kabatini, tusomewe sisi wazazi kwa Kiswahili, hata yale yasiyotupendeza.

Ukurasa wa leo tumeuacha wazi, Bwana Inspekta. Kalamu hii hapa.

Aksanti sana.

Kamati ya Wazazi