Barua kwa mwanangu: usiiache Caro-Kann sasa

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma, na michezo uliyonitumia nimeipitia yote. Unasema Caro-Kann, ule ufunguzi wako wa sataranji wa kujibu e4 kwa kete nyeusi, imekuchosha, kwamba kila siku ni c6 na d5 zile zile (herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari wake), kwamba umefungwa mfululizo, na kwamba rafiki yako amekushauri uhamie Sicilia, ufunguzi mwingine wa kujibu e4, kwa sababu ndiyo wanayoicheza wakali. Ningekujibu kwa simu, lakini sataranji haielezeki vizuri kwa simu, na nataka uisome barua hii ukiwa na ubao mbele yako. Ombi langu ni moja: usihame. Baki na ufunguzi huu mwaka mzima, uucheze mpaka uwe mwenyeji wake.

Tuanze na ule mchezo uliokuuma kuliko yote. Mwenzako e4, wewe c6. Yeye d4, wewe d5. Akasukuma e5, ukamtoa askofu hadi f5, na mpaka hapo hakuna wa kukulaumu. Kisha akasogeza h4. Hebu simama hapo hapo, usiendelee. Wewe ulijibu e6, kwa sababu ndivyo unavyojibu siku zote. Akaja na g4, askofu akarudi g6. Akaja na h5, askofu akaruka e4. Akasukuma f3, na askofu hakuwa na pa kwenda: f5 inalindwa na askari wa g4, g6 inalindwa na askari wa h5, na d5 amekaa askari wako mwenyewe. Askofu akaenda, na mchezo ukaenda naye.

Ile h4 ilikuwa swali. Ilikuuliza: nikija na g4, huyu askofu wako atakimbilia wapi? Majibu yapo, tena si magumu. Ukisukuma h5, askari wako anaizuia g4 na askofu anakaa kwa raha. Ukisukuma h6, unamwachia askofu h7 ya kujificha. Mimi naipenda h5, lakini zijaribu zote mbili ujionee mwenyewe. Ninachotaka uone ni kwamba somo hili umeshalilipia. Ukihamia Sicilia kesho, utaliacha mezani bila kulichukua, na huko kuna mitego mingi zaidi, yenye ncha kali zaidi, nayo utaanza kuilipia upya. Ukibaki, siku nyingine mtu akisogeza h4 mkono wako utasita wenyewe kabla ya kugusa e6. Kusita huko hakupatikani kwa kusoma. Kunapatikana kwa kuwa umewahi kumpoteza yule askofu.

Unajua kwa nini nilikuchagulia ufunguzi huu na si mwingine? Kwa sababu fikra yake inaeleweka. Unataka kuipinga e4 kwa d5, lakini unataka d5 iwe na askari wa kuishikilia, ndiyo maana c6 inatangulia. Katika ulinzi wa Kifaransa unaanza na e6, na yule askofu wa c8 anabaki nyuma ya askari wake, mara nyingi kwa muda mrefu. Hapa mlango uko wazi: askofu anatoka kwanza, e6 inafuata. Horatio Caro na Marcus Kann waliuchambua ufunguzi huu mwaka 1886, ndiyo maana unaitwa kwa majina yao, na tangu hapo umeshikwa na mabingwa wa dunia kama Capablanca, Botvinnik, Petrosian na Karpov. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie kwamba wakali hawauchezi.

Botvinnik nataka nimzungumzie kidogo. Mwaka 1960 alikuwa bingwa wa dunia, akakutana Moscow na Mikhail Tal, kijana wa miaka 23 aliyekuwa akishambulia bila kuchoka. Mchezo wa kwanza Botvinnik alicheza ulinzi wa Kifaransa, akafungwa. Baada ya hapo akageukia Caro-Kann. Taji likamponyoka hata hivyo, pointi 12.5 kwa 8.5. Mwaka uliofuata walirudiana, na kwa jinsi unavyofikiri wewe sasa, angeitupa Caro-Kann na kutafuta kitu kipya cha kumshangaza Tal. Hakufanya hivyo. Alikaa tena upande wa kete nyeusi akacheza c6, Tal akawa anamsukumia e5 mara kwa mara, ile ile e5 unayosukumiwa wewe, na Botvinnik akaendelea kurudi pale pale. Alilirudisha taji kwa pointi 13 kwa 8, akiwa na miaka 49. Sisemi ufunguzi peke yake ndio uliomrudishia taji. Ninachosema ni kwamba mtu yule alijua kutofautisha kati ya kufungwa na ufunguzi na kufungwa ndani ya ufunguzi. Wewe umefungwa ndani yake, na sababu ziko kwenye hatua ulizocheza, si kwenye c6.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote, nalo si mitego. Ukiurudia ufunguzi mmoja, unaanza kuujua mchezo unaozaliwa nao. Chukua pale anapokula d5 na wewe unarudisha kwa askari wa c, halafu yeye anatulia kwa c3. Angalia ubao: upande wa malkia yeye ana askari watatu, a, b na c, wewe una wawili tu, a na b. Mgeni ataona upungufu. Mwenyeji anajua kwamba hao wawili ndio silaha. Unawasukuma b5, kisha b4, na wakishakulana kwenye c3 yeye anabaki na askari dhaifu pale, na ngome yako iko c8 inamkodolea macho. Mpango huo huo utaukuta siku utakayocheza Gambiti ya Malkia (d4 kisha c4) kwa kete nyeupe, katika ile njia ambayo askari hubadilishana kwenye d5, ila safari hiyo wewe ndiye utakuwa upande wa pili wa ubao. Umejifunza kitu kimoja, umepata viwili.

Au chukua yule anayekula d5 kisha anakuja na c4, shambulio la Panov. Wengi huliogopa kwa sababu kete zake nyeupe zinatoka haraka. Lakini askari wakishabadilishana kwenye d5, askari wake wa d4 anabaki peke yake, hana jirani wa kumlinda kushoto wala kulia. Wewe kazi yako ni kumweka farasi d5, mbele ya pua yake, na kumwacha akae pale asisogee. Halafu unabadilishana kete ndogo, farasi na maaskofu, polepole, kwa sababu kadiri kete zinavyopungua ndivyo upweke wa yule askari unavyozidi kuonekana. Hili huwezi kuliona mara ya kwanza. Mara ya kwanza utaona vita tu. Ukilirudia sana ndipo utaanza kuona kwamba kila mara ni vita ile ile.

Unauliza: si watanizoea? Si watajua nitacheza nini na kujiandaa? Waache wajue. Wolfgang Uhlmann, mjerumani wa Dresden, alijibu e4 kwa ulinzi wa Kifaransa karibu maisha yake yote ya ushindani, na kila aliyekaa mbele yake alijua kitakachokuja. Mwaka 1960 kule Buenos Aires, Bobby Fischer alijua pia, na akafungwa. Anayejiandaa dhidi yako kwa jioni moja anakutana na mtu aliyekaa pale miaka. Na kwa ngazi uliyopo, mwanangu, wengi hawajiandai hata hiyo jioni moja.

Lakini kuna namna ya kurudia isiyofaa, na bora niiseme waziwazi. Kuna kurudia kwa mkono peke yake, macho yamelala. Weka hii ubaoni: e4 c6, d4 d5, farasi mweupe c3, unakula e4, farasi anakula e4, unamtoa farasi wako hadi d7. Yote ni ya kawaida. Hatua yako inayofuata kwa mazoea ni farasi wa mfalme kwenda f6. Sasa yeye anamsogeza malkia e2, hatua inayoonekana ya ajabu, inamzibia hata askofu wake mwenyewe. Ukicheza farasi wa mfalme f6 kwa mazoea, farasi wake anatua d6 na mchezo umekwisha. Mfalme wako amezungukwa na watu wake mwenyewe, na askari wa e7 hawezi kumla farasi kwa sababu akitoka malkia anamwona mfalme moja kwa moja. Jibu ni kumpeleka f6 farasi yule wa d7, ili mfalme apate pa kupumulia. Tofauti kati ya farasi mmoja na mwingine, basi.

Na hili halichagui wadogo. Mei 11, 1997, New York, Garry Kasparov akiwa bingwa wa dunia alikaa kucheza mchezo wa sita na wa mwisho dhidi ya kompyuta Deep Blue, wakiwa wamelingana pointi 2.5 kwa 2.5. Kwa miaka mingi jibu lake kuu kwa e4 lilikuwa Sicilia, lakini siku hiyo alichagua Caro-Kann. Kwenye hatua ya saba akasukuma h6 kumfukuza farasi aliyekuwa g5. Walioizoea njia ile humtoa kwanza askofu hadi d6, kisha ndipo h6. Deep Blue ikamtoa farasi sadaka kwenye e6, mfalme wa Kasparov akakwama katikati ya ubao, na kwenye hatua ya 19 akasalimu amri. Watu wanabishana hadi leo kama alichanganya mpangilio au aliamini kompyuta haitathubutu kutoa sadaka ile. Vyovyote iwavyo, hatua zilikuwa ni zile zile za ufunguzi, kilichobadilika ni ipi ilitangulia ipi. Mpangilio huo ndio unaokaa mwilini kwa mtu anayeucheza kila wiki huku akijiuliza kila hatua iko pale kwa sababu gani.

Kwa hiyo fanya hivi. Acha ile michezo ya dakika tatu, kwa sasa inakufundisha haraka tu. Cheza ya dakika 10 au 15, michache kwa siku. Ukimaliza, uwe umeshinda au umefungwa, usikimbilie programu ya kompyuta ikuambie hatua bora. Rudisha mchezo mwenyewe mpaka ufike mahali pa kwanza ambapo hukujua cha kucheza. Patafute hapo tu. Andika kwenye daftari hatua uliyoicheza na kwa nini uliicheza, hata kama sababu ni "nilikisia". Kisha ndipo uifungue programu, au utafute mchezo wa Karpov wenye hali hiyo, uone yeye alimweka wapi farasi. Siku inayofuata lengo lako ni kufika hatua moja mbele ya pale ulipokwama. Hatua moja inatosha kabisa. Michezo uliyoshinda nayo ipitie, kwa sababu mara nyingi mpinzani ndiye aliyekosea, nawe ukabaki unaamini ulicheza vizuri.

Pia, siku moja moja kaa upande mwingine. Shika kete nyeupe, umwombe rafiki yako akuchezee Caro-Kann, uone mwenyewe jinsi unavyokera ule ukuta wa c6 na e6, na wapi unatamani mpinzani asisogeze. Mara nyingi pale unapoogopa ukiwa na nyeupe ndipo unapotakiwa kucheza ukiwa na nyeusi, na hasa c5. Utaona jinsi c5 inavyouma ikija kwa wakati wake.

Kuhusu wanaoanza na d4, usianze kutafuta kitu cha mbali. Wakija na d4 na c4, cheza d5 na c6, ulinzi wa Kislavi. Askari wako watakaa mahali unapopafahamu, na yule askofu wa c8 bado atakuwa anatafuta njia ya kutoka kabla ya e6. Mengine yatasubiri. Mshika mbili moja humponyoka, nawe sasa hivi unataka kushika nne.

Sicilia siikatai. Ni ufunguzi mzuri, una moto, na ipo siku utaupenda. Nitakaa nawe tuusome pamoja, mwanzo hadi mwisho, siku utakapoweza kunieleza bila kuangalia daftari unafanya nini e5 ikija, unafanya nini wakibadilishana d5, na kwa nini. Uchovu ulio nao sasa naufahamu. Huja pale hatua za mwanzo zinapozoeleka na zile za kati bado hazijaeleweka. Uko njiani, ndiyo maana sitaki ugeuke.

Jumamosi jioni nitakuwa mtandaoni. Nitashika kete nyeupe, dakika 15 kila mmoja, na nitakuletea Panov. Farasi wako ujue mapema anakwenda wapi.

Nakupenda sana,
Mama yako