Risala ya Kikundi cha Wakulima na Wafugaji kwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Kata, wazee wetu na wananchi wote, mwangaluka! Karibuni sana hapa kwetu, pwani ya Ghuba ya Speke, Ziwa Victoria.

Mheshimiwa, kikundi hiki kilianzishwa na wakulima wachache wa pamba na dengu. Leo kimefufua ngitili, yaani malisho yanayohifadhiwa kwa ajili ya kiangazi, na kufukua lambo la zamani lililokuwa limejaa tope. Lambo hilo vijana wetu walilibaini kwenye ramani, jambo ambalo halijapata kufanyika katika kata hii.

Ramani yenyewe ni ya 1:50,000, yaani sentimeta 1 ni meta 500 ardhini. Ilichorwa kutokana na picha za anga, kabla ya Operesheni Vijiji ya 1974 iliyowahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, kaya zikiwa bado zimetawanyika. Ina visima, vijito vya msimu na njia ya mifugo kwenda ziwani. Njia hiyo sasa imelimwa, na vijiji viwili vinaigombania kila msimu. Wazee wa pande zote wamekubali ramani iwaamue.

Tatizo ni kwamba karatasi tuliyonayo imeliwa na unyevu, tena imechanika kwenye kunjo, palepale njia inapokaribia maji. Tulitoa fotokopi, zikapunguzwa zienee karatasi ndogo, kipimo kikaharibika. Ukipima sentimeta 1 hupati tena meta 500, na kwa mgogoro wa mpaka hilo ni kuongeza moto. Isitoshe, kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda kwa zaidi ya meta 2, hivyo mstari wa ufukwe unahitaji mtaalamu wa kuusoma.

Tunaomba nakala safi ya ukubwa kamili kutoka idara ya upimaji na ramani, pamoja na mpimaji wa serikali aje aweke alama za njia hiyo kabla pamba haijapandwa.

Mheshimiwa, ombi hili si geni. Wageni rasmi waliokutangulia walilisikia, wakaahidi, nasi tukapiga vigelegele. Tuliambiwa tuandike barua. Tuliandika, nakala yenye muhuri wa kupokelewa tumeiambatisha. Viongozi wetu tunawaheshimu wote, lakini mwaka jana watu walishikiana mapanga kwenye njia hiyo.

Kwa unyenyekevu, kabla hujaondoka leo tunaomba ututajie ofisa atakayeshughulikia na tarehe atakayofika, tuandike kwenye muhtasari mbele yako.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu wa Kikundi